Wasichana wa TEHAMA wanahitaji kibodi kuliko fulana

Kila Alhamisi ya nne ya Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Wasichana katika TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, na hapa Dar hakukosekani ukumbi uliojaa: fulana, soda, na mgeni rasmi anayewaambia wasichana kuwa wanaweza. Sina ugomvi na siku hiyo. Ugomvi wangu ni na bajeti ya mwaka mzima inayoishia kwenye fulana, wakati msichana wa Mbagala au Chanika hamasa anayo tele na kinachompungukia ni saa za kugusa kibodi.

Piga hesabu. Wanafunzi wanne, kompyuta moja, kipindi pacha cha dakika 80. Kila mmoja angepata 20, lakini hazipati. Aliyezoea kompyuta ya nyumbani, au ya steshenari ya kaka yake, anadaka kipanya mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi huyo ni mvulana. Msichana anabaki kunakili hatua daftarini. Dawa ni kuwaweka wawili kwa mashine: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kukagua, wanabadilishana kila dakika 15 kwa mlio wa simu ya mwalimu. Ukiacha iwe hiari, mwenye kibodi hatajua kamwe kwamba zamu yake imekwisha.

Kosa jingine ni kuwachanganya wanaoanza na waliokwishaonja. Chuo cha Harvey Mudd, Marekani, mwaka 2006 kilikuwa na wanawake takriban asilimia 10 tu kwenye shahada ya kompyuta. Miaka michache baadaye wakafika karibu 40. Somo la kwanza waligawa kwa uzoefu, bila kuangalia jinsia, ili wajuaji wasiteke maswali yote. Kati ya lugha za kuandikia programu, wakaacha kuanza na Java, wakaanza na Python. Tena wakawapeleka wasichana wa mwaka wa kwanza kwenye kongamano la wanawake wa fani hiyo, kwa hiyo hata makongamano yana kazi yake, darasa likishatengenezwa.

Kwa klabu ya wanafunzi 20, laptopu 10 za mtumba kutoka Kariakoo zinatosha. Chukua zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Yenye diski ya zamani itakula dakika za kipindi ikiwaka. Kabla ya kulipa, chomoa chaja mbele ya muuzaji, uiache laptopu ifanye kazi kwa betri nusu saa, kisha bonyeza kila kitufe cha kibodi. Betri ndiyo sababu ya kutonunua kompyuta za mezani: umeme ukikatika, somo linaendelea. Chaja 10 za wati 65 hazizidi wati 650, chini ya pasi moja ya umeme, ila usiunganishe ekstensheni nyembamba moja juu ya nyingine, maana zitapata moto kwenye viungio. Intaneti si lazima siku za mwanzo. Weka Thonny, programu ya bure ya kuandikia Python, ambayo inakuja na Python yake ndani, na uisambaze kwa flashi.

Wanapokwama ni kwenye lugha. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anakutana na ujumbe wa kosa kwa Kiingereza na kuamini ameharibu mashine. Bandika ukutani karatasi ya makosa matano: NameError, umetaja jina ambalo kompyuta hailijui, kagua tahajia; IndentationError, nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani, na kadhalika. Haigharimu kitu, na hofu inapungua.

Ratiba nayo inachuja wasichana kimyakimya. Klabu ya saa 9 hadi 11 jioni ina maana ya kugombea daladala ya Gongo la Mboto giza likikaribia, na nyumbani kuna kupika kunakomsubiri yeye, si kaka yake. Jumamosi saa 3 hadi 6 ni bora, pamoja na barua kwa mama yenye saa kamili na namba ya mwalimu. Na wachukueni kidato cha kwanza na cha pili. Akishaacha fizikia kidato cha tatu, mmechelewa.

Chuoni kuna mtego wa fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini: mvulana anapelekwa chumba cha seva, msichana anakalishwa mapokezi au anapewa kuingiza data. Chuo kidai programu au mtandao aliojenga mwanafunzi, uoneshwe na kukaguliwa, badala ya kitabu chenye mihuri tu.

Biashara je? Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida hupitia vikundi. Inamfaa mama lishe kuliko mabinti wawili wanaoandika programu miezi sita kabla ya mauzo. Hao ningewashauri waanze kwa kuuza huduma: kumbukumbu za stoo na madeni kwa duka la jumla, kwa mkataba wa maandishi. Nusu ya malipo itangulie, marekebisho yawe mawili, la tatu lilipiwe. Bila kipengele hicho, “dada, ongeza kidogo tu hapa” ya mteja itakula faida yote.