Kiwanda kinunue nini kwa jirani?

Kila kiwanda kipya kinapozinduliwa hapa Dar es Salaam, hutangazwa idadi ya watu kitakaowaajiri, na ni haki itangazwe. Swali ninaloliona zito zaidi, ambalo ni nadra kulisikia likiulizwa, ni kiwanda hicho kitanunua nini kutoka kwenye karakana na viwanda vidogo vya hapa hapa.

Mwaka jana nilishinda katika karakana moja ya eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, fundi akikereza bushi za chuma, yaani vipande vya mviringo vyenye tundu vinavyoshika shafti, za mashine ya kujazia chupa. Alipima kwa venia, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, akapunguza kiasi cha unywele, akapima tena, mpaka bushi ikaingia kwenye shafti bila kulazimishwa. Kiwanda kilichoziagiza kilizikataa, si kwa vipimo, bali kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuonyesha chuma kile ni cha daraja gani, maana alikinunua kwa wauza vyuma chakavu kama wanavyofanya wenzake wengi. Siwalaumu wahandisi, kwa sababu bushi ya chuma laini ikilika, uzalishaji wote husimama. Kinachoniuma ni kwamba sharti la cheti hakuambiwa wakati anapewa kazi, na kwamba malipo ya kazi iliyotangulia yalikuwa yamefikisha miezi mitatu bila kutoka, ilhali yeye chuma hukinunua kwa fedha taslimu.

Tanzania ina kanuni za kuwashirikisha wazawa katika mafuta na gesi tangu 2017, na katika madini tangu 2018. Ninaziunga mkono, hata hivyo, kanuni inaweza kumlazimisha mnunuzi abishe hodi Gerezani, lakini haiwezi kumpatia fundi chuma chenye cheti. Singapore ililiona hilo mapema: katika mpango wake wa 1986, serikali iligharimia wahandisi wa kampuni kubwa za kigeni ili wakae na wazalishaji wadogo na kuwanoa hadi wafikie viwango vinavyotakiwa.

Sisi tunayo SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, tangu 1973, yenye ofisi katika mikoa ya Tanzania Bara. Ningependa kuona inanunua chuma kwa wingi, kikiwa na vyeti vyake, na kuwauzia mafundi kwa vipande wanavyovimudu. Nao wenye viwanda wanaopewa misamaha ya kodi waonyeshe kila mwaka walinunua nini kwa wadogo, na waliwalipa baada ya siku ngapi.