Noti ya dola 10 na hati ya shamba la nyanya yetu wa Kilifi

Noti ya dola 10 ya huku Kanada imechorwa wima, na aliyemo ni mwanamke mweusi, Viola Desmond, msusi na mfanyabiashara wa papa hapa Halifax ninapoishi. Mwaka 1946 gari lilimharibikia mjini New Glasgow, akaingia sinema kungojea litengenezwe. Akaketi chini, walikokaa wazungu. Walimburuta nje, akalala korokoroni, kesho yake akatozwa faini kwa kosa la kutolipa kodi ya senti moja, tofauti ya tiketi ya juu na ya chini. Tiketi ya chini aliiomba, wakakataa kumuuzia! Mkoa wa Nova Scotia ulimwomba radhi mwaka 2010. Wakati huo miaka 45 ilikuwa imepita tangu afe.

Jamaa wa nyumbani huniambia nimefika kwa watu wastaarabu. Nami huwaeleza habari za Africville, mtaa wa watu weusi uliokuwa hapa ukingoni mwa bahari. Walilipa kodi kwa jiji na maji ya bomba hawakuyaona. Miaka ya 1960 jiji likawabomolea, wengine vyombo vyao vikabebwa na malori ya taka. Radhi imeombwa, ila familia hazikurudishiwa viwanja vyao.

Lakini mambo haya hapa yanasemwa. Watoto wa wenyeji asilia wapatao 150,000 walipelekwa shule za bweni ili wasahau lugha zao, na leo kila Septemba 30 binti yangu huvaa fulana ya rangi ya chungwa, akijua ni kwa ajili yao.

Sisi Kenya tulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ripoti ilitoka 2013. Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi bungeni Machi 2015, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Mauaji ya Wagalla ya 1984, wanajeshi walipowaua raia wa Kisomali huko Wajir, yamo katika ripoti ile, na dhuluma za ardhi ya Pwani zimo. Mpwa wangu amemaliza sekondari Mombasa, jina la Wagalla nimemtajia mimi kwa simu. Inaniuma sana.

Babu yangu alizikwa Kilifi kwenye shamba alilozaliwa, na mpaka siku hiyo aliitwa skwota, mkaaji asiye na hati ya ardhi. Dadake, nyanya yetu, yungali hai, amepita miaka 80. Hati ya shamba lile imfikie sasa, wakati macho yake bado yanaona.