Shangazi Hewani

Lilikuwa kalio la kushoto. Jipu, nasemea, maana bila jipu habari hii ingekuwa ya nyaya na spika tu.

Lilinitoka wiki ileile niliyoamua kubadilisha muziki wa gari langu. Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile ya viti viwili na paa la turubai iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Ni gari tamu, lakini unaliendesha umekaa chini kabisa, kidogo tu ukalie lami, na kila shimo la barabarani unalisoma kwa makalio. Kwa hiyo wiki nzima niliendesha nikiwa nimekalia mto wa kochi, nimeegemea kulia kama mtu anayechungulia uani kwa watu. Ninaye shangazi ambaye ndiye daktari wa ukoo wetu, daktari asiye na cheti wala mpinzani. Nikamwandikia ujumbe, nikamweleza lilipo na ukubwa wake, nikamalizia: shangazi, hili libaki kati yangu na wewe.

Akajibu: "Limezikwa."

Basi na tuje kwenye muziki. Spika za milangoni zilikuwa zimeoza karatasi, zinatoa sauti ya nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Katika gari la kawaida ningezibadilisha hizo mbili nikalala. Gari la wazi lina balaa lake. Ukifungua paa ukafika kilomita 90 kwa saa, upepo unanguruma kwa sauti nzito, na mngurumo huo kitu cha kwanza kumeza ni besi. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, utaisikia, tss tss tss, ila ngoma zote zimechukuliwa. Tena ndani ya gari lililofungwa besi hujazana na kukurudia hadi tumboni. Ukiondoa paa haina pa kugota, inajiendea zake angani kama moshi. Dawa yake ni nguvu. Na mimi mtu akiniambia dawa ni nguvu, sihitaji kuambiwa mara ya pili.

Nikanunua redio ya skrini ya kugusa, spika mbili za inchi sita na nusu, amplifaya (kikuza sauti) ya chaneli nne, na sabufa ndogo ya kuweka miguuni pa abiria (abiria wangu tangu siku hiyo lazima awe mfupi, au awe na subira). Amplifaya niliifunga kwenye buti, kwa sababu gari hili betri yake inakaa kwenye buti, si mbele kwenye injini. Waya mnene wa moto ukawa mfupi kuliko mkono wangu, na fyuzi nikaiweka palepale karibu na betri, ili waya ukichubuka ukagusa bodi, ife fyuzi na si gari. Naitaja kazi hiyo kwa majivuno kwa sababu ndiyo sehemu pekee niliyoifanya kwa akili.

Kile kipande cha katikati ya dashibodi, chenye redio na matundu mawili ya mviringo ya kutolea hewa, wenye magari haya hukiita jiwe la kaburi kwa umbo lake. Nikalifukua. Ndani yake nikakuta kazi ya mafundi wote walionitangulia: nyaya zimekatwa, zimeungwa, zimekatwa tena, nyingine zimezungushiwa plasta ya kidonda. Redio mpya inakuja na nyaya zake za rangi na kila rangi ina maana. Njano ni moto wa kudumu, unaotunza saa na stesheni zako. Nyekundu ni moto wa swichi, unaokuja ukizungusha ufunguo na kuondoka ukiuchomoa. Nyeusi ni ethi, inafungwa kwenye chuma cha bodi. Bluu yenye mstari mweupe huenda kuiamsha amplifaya. Rahisi, mtoto wa darasa la nne anaweza. Ila mimi moto wa swichi sikuuona. Niliutafuta kwa taa ya kupimia kuanzia jioni hadi usiku, nimejikunja chini ya dashibodi, jipu linapiga mapigo yake, mbu wananishangaa. Kila waya niliougusa ama ulikuwa umekufa ama ulikuwa na moto saa zote.

Saa tano usiku nikachukua waya mwekundu na wa njano, nikaziunga pamoja.

Redio ikawaka. Jamani, ile rangi ya skrini gizani! Nikacheza, kwa kalio moja.

Muziki wa kwanza haukuwa na besi hata kidogo, na kwa muda nikadhani nimetapeliwa. Kumbe mlango wa dereva nilikuwa nimegeuza chanya na hasi, hivyo spika ya kulia ikisukuma hewa nje, ya kushoto inaivuta ndani, zinafutana zenyewe kwa zenyewe kama mawakili wa mtu mmoja. Kujua ni rahisi: unachukua betri ya tochi, ile ya volti 1.5, unaigusisha kwenye nyaya za spika, chanya kwa chanya, mara moja tu. Uso wa spika ukiruka kuja kwako, umepatia. Nikageuza nyaya. Besi ikaja, na mto wa kochi ukatetemeka. Kwa kweli ilikuwa kama tiba.

Kisha nikaingia kwenye mipangilio, na humo ndimo nilimojichimbia. Simu ikijiunga na redio kwa Bluetooth, mazungumzo hutokea kwenye spika, na sauti yake ina ngazi yake, tofauti na ya muziki. Nikaipandisha hadi mwisho, nikijua upepo utakula nusu. Halafu nikaona kisanduku cha "pokea simu moja kwa moja", nikakitia tiki. Dereva makini haachi usukani ili apokee simu.

Siku ya majaribio nilifungua paa, simu nikaitia kwenye begi, begi kwenye buti, nikatoka. Barabara kuu ilikuwa tupu. Kwa mwendo ule kila kitu kilikuwa mahali pake: upepo unanguruma, sabufa inajibu, na mimi katikati nimeegemea kulia, naimba. Sikuwaza jambo moja dogo. Ukisimama, upepo nao husimama, lakini namba uliyoiweka kwenye sauti inabaki ilivyo.

Nikafika kwenye taa nyekundu. Upande wangu likasimama basi, limejaa, madirisha yote wazi. Watu wa kwenye basi wanakutazama kwa juu, na gari lisilo na paa ni kama sinia: wanaona kila kilichomo, pamoja na mto wa maua. Nikanyoosha kidole kupunguza muziki, na muziki ukakatika wenyewe kabla sijaigusa skrini. Nikashukuru. Sekunde moja nilishukuru.

"HALOO!"

Njiwa waliruka. Siongezi chumvi, njiwa waliruka kutoka kwenye nguzo ya taa.

"HALOO, MWANANGU! JIPU LIMEIVA?"

Nikaitazama skrini ili nikate. Mwingine mwenye gari la wazi aniunge mkono: jua la saa saba likipiga kioo cha kugusa, unachokiona ni uso wako mwenyewe. Nikajiona, macho yamenitoka. Nikabonyeza pale nilipokumbuka kuna kitufe chekundu. Sijui nilibonyeza nini, ila shangazi hakukatika.

"Shangazi, nitakupigia," nikanong'ona.

Maikrofoni nilikuwa nimeibana kwenye fremu ya kioo cha mbele, pazuri kabisa pa kunasa injini ya basi.

"SIKUSIKII! PAZA SAUTI! NAULIZA JIPU, LILE LA KALIONI, LIMEIVA AU BADO GUMU?"

Kwenye basi kimya kikatanda. Wale waliokuwa wamevaa visikiaji wakavitoa.

"Bado gumu, shangazi!" nikapaza. Ningefanyaje? Ameuliza.

"USILIKAMUE! NARUDIA, USILIKAMUE! TIA KITAMBAA MAJI YA MOTO, LIKANDE TARATIBU, LITATOA LENYEWE!"

Mama mmoja mtu mzima akatoa kichwa dirishani, akanitazama mimi, akautazama na mto. "Baba, msikilize shangazi yako," akasema kwa huruma. "Yakikamuliwa hayo yana hasira."

Hapo nikapata wazo la busara: zima gari. Nikachomoa ufunguo. Injini ikafa, feni ikafa, kila kilichokuwa kikipiga kelele ndani ya gari kikafa, na sauti yote ya makutano ikabaki ya shangazi peke yake. Mwekundu na wa njano, ndugu zangu. Niliwafunga ndoa mwenyewe, saa tano usiku, na sasa redio haikuwa na habari na ufunguo.

"KALIO LENYEWE LIPI? ULISEMA LA KULIA?"

"LA KUSHOTO!" likajibu basi. Si mimi. Basi.

Likabaki paa. MX-5 paa lake ni la mkono, na mtu mwenye mwili mzima analivuta kwa mkono mmoja akiwa ameketi. Mwenye jipu hawezi kujipinda hivyo. Ikabidi nipige magoti kitini nigeukie nyuma, nilishike turubai kwa mikono miwili, na katika hali hiyo kile kiungo kinachojadiliwa kikabaki kimeinuliwa hewani, kimeelekezwa mbele, kwa ajili ya watu wa mbele waliokuwa wakisikia tu bila kuona. Nikalivuta paa likaja, nikabana kishikizo cha kulia, nikabana cha kushoto, nikajibwaga kitini. Nikasahau jipu. Nikajibwagia kalio la kushoto.

Ukelele nilioutoa uliingia wote kwenye maikrofoni.

"UMELIKAMUA! SI NIMEKUAMBIA USILIKAMUE?"

Na paa halikusaidia kitu. Turubai si ukuta, na dirisha la nyuma, lile la plastiki, linafungwa kwa zipu ambayo unaifungua kabla ya kulaza paa. Sikuwa nimeirudisha. Sauti iliyokuwa inatawanyika sasa ilinizunguka mimi kwanza, ikanishiba, halafu ikatokea nyuma kama ya mtu anayetangaza msiba. Taa ikawa kijani. Gari langu limezimwa. Magari ya nyuma yakaanza honi.

"HONI ZA NINI HIZO? UKO HARUSINI NA JIPU?"

"Niko barabarani, shangazi!"

"BASI ENDESHA POLEPOLE. KESHO SAA MOJA ASUBUHI NAKUPIGIA NIJUE LIMEFIKIA WAPI."

Akakata yeye. Basi likaondoka, na kwa heshima kubwa watu wa siti za nyuma wakanipungia.

Nilifika nyumbani nikaegesha, nikapunguza sauti hadi sifuri, nikaingia ndani nikachechemea hadi kwenye maji ya moto. Skrini ya redio ile ina tabia ya kujifunika weusi isipoguswa, na mimi nikadhani imezima. Haikuwa imezima. Haikuwa na waya wa kuiambia kwamba mwenye gari ameshalala. Usiku kucha ilikaa macho kizani, na kupitia ule waya wa bluu na mstari mweupe ikaiweka macho amplifaya pia, wakinywa betri taratibu kama wageni ambao hakuna aliyewaaga.

Asubuhi gari halikutoa hata tik.

Jirani yangu ni mtu mwema. Alinikuta nimesimama nimekumbatia mto, hakuuliza, akalisogeza gari lake kinyumenyume na kuleta nyaya za kubusti. Nikamfungulia buti. Akabana klempu nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi akaitafutia chuma cha bodi, cheche ikaruka kidogo. Kule mbele, bila ufunguo wala ruhusa, skrini ikawaka. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasikia mlio mdogo mtamu wa Bluetooth ikijiunga.

Nikatazama saa.

"HALOO! VIPI HUKO, LINAENDELEAJE?"

Jirani akainua kichwa kutoka kwenye buti. Ni mtu wa adabu, hawezi kusikia sauti ya mtu mzima akanyamaza.

"Shikamoo, shangazi!"

"MARAHABA! WEWE NANI?"

"Mimi jirani yake. Limegoma kuwaka kabisa, shangazi!"

"KAMA HALIWAKI NDIYO VIZURI, LINAPOA HILO!"

Jirani akanitazama kidogo, akaamua kwamba shangazi si mtu wa magari. Nilianza kukimbilia mlango wa dereva, lakini kwa jipu lile kukimbia ni neno tu.

"Hapana, shangazi, tunataka liwake," akamweleza kwa uvumilivu, akipaza sauti ili isikike. "Usihofu. Nimeshamfungulia nyuma, nimechomeka nyaya mbili, hapa tunasubiri moto uingie."

Ikapita kama sekunde tatu.

"MMEMCHOMEKA NINI MWANANGU? WAPI?"

Ghorofani juu yetu dirisha la kwanza likafunguka.