Pori la Yaeda lina wenyewe

Ukipita katika pori kavu mwezi wa Septemba, miti yote inaonekana kama imekufa. Majani yamepukutika, nyasi zimekuwa manjano, vumbi tupu. Nadhani ndiyo maana tunalidharau. Msitu wa Amani au Udzungwa hauhitaji mtetezi, maana anayeuona anajua mara moja kuwa ni mali. Pori la migunga na mibuyu linahesabiwa kuwa eneo linalosubiri mwekezaji au tanuri la mkaa.

Ila ndiyo misitu tuliyo nayo. Tathmini ya taifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilikuta Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya asilimia 90 ni mapori ya namna hii, hasa miombo. Ni kweli kwamba hekta moja ya pori haihifadhi kaboni nyingi kama hekta ya msitu wa mvua. Lakini karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, nyingine imo kwenye mizizi na udongo, na maeneo yenyewe ni makubwa mno. Ukifyeka na kuchoma, kilichokusanywa kwa miaka mingi kinarudi hewani msimu uleule kama hewa ukaa, gesi inayoipasha dunia joto. Wanyama nao wanapoteza riziki ya kiangazi, kwa kuwa nyasi zikiisha, tembo na swala huishi kwa maganda ya migunga, magome na mizizi.

Mfano ninaoupenda ni Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, karibu na Ziwa Eyasi. Hapo wanaishi Wahadzabe, watu wanaozidi elfu moja kidogo, ambao chakula chao kimetoka porini tangu enzi: nyama, ubuyu, mizizi, matunda, na asali wanayoonyeshwa na ndege, mlembe, ambaye humwita mtu kwa sauti mpaka kwenye mti wenye nyuki. Kwa kuwa hawalimi wala hawajengi maboma, ardhi yao ilimegwa kwa miongo mingi na wakulima na wafugaji, ambao nao walikuwa wakitafuta maisha. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ililitaka bonde hilo. Wahadzabe walipaza sauti, na kampuni ikajiondoa.

Kilichogeuza mambo kilikuja mwaka 2011: hatimiliki ya kimila iliyotolewa kwa jina la jamii nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Shirika la Ujamaa Community Resource Team lilisimama nao katika safari hiyo, na mwaka 2016 kiongozi wake, Edward Loure, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi ya kupatia jamii hati za namna hiyo. Biashara ya kaboni, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, ilijengwa juu ya msingi huo. Mpango wa matumizi ya ardhi unaonyesha mahali pa kulima, pa kuchunga na pa kuachia pori. Walinzi wanaotoka vijijini humohumo wanapiga doria na kutoa taarifa za miti iliyokatwa na wanyama walioonekana. Hewa ukaa ambayo ingetoka kama pori lingefyekwa inakadiriwa, inathibitishwa, inauzwa kwa wanaotaka kufidia moshi wao, na fedha zinarudi kulipa walinzi, matibabu na karo. Mwaka 2019 jamii hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wapo wanaosema kwamba biashara hii inampa mchafuzi wa Ulaya kibali cha kuendelea kuchafua. Hoja hiyo naiheshimu, na mchafuzi anapaswa kupunguza moshi wake kwanza. Lakini simwambii Mhadzabe akatae malipo ya kazi anayoifanya kweli kwa sababu ya dhambi ya mtu aliye mbali.

Kinachoniogofya zaidi ni mwelekeo mwingine. Mwaka 2023 Blue Carbon, kampuni ya biashara ya kaboni ya Dubai, ilisaini hati za makubaliano na serikali kadhaa za Afrika, yetu ikiwemo, kuhusu mamilioni ya hekta za misitu. Mazungumzo yanaanzia juu kabisa, na mwenye pori anakuja kuarifiwa. Yaeda ilikwenda kinyume chake: hati ilitangulia, mnunuzi akafuata. Ukiigeuza hiyo foleni, mwanakijiji anabaki kibarua kwenye ardhi ya babu yake, na siku bei ikishuka hana sababu ya kulinda chochote.

Tangu 2022 tuna kanuni za biashara ya kaboni, na wanunuzi wanazidi kuja. Nataka kila mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mgawo utajwe kwa shilingi, muda utajwe kwa miaka, na wanawake wanaochuma porini wawepo na waulize. Kijiji ambacho mipaka yake haijapimwa na hati haijatoka kisisainishwe kwanza. Fedha za kupima zitafutwe sasa, kabla ya semina nyingine ya kaboni hotelini.