Kengele ya Simu Ambayo Hatuna

Jamani, mimi naishi Coventry, Uingereza, na mama mkwe wangu anaishi Ngamiani, Tanga, na kati yetu wawili mwenye intaneti ya maana ni yeye. Ana bando la buku na simu iliyopasuka kioo. Mimi nina mkataba wa miaka miwili, ankara ya kila mwezi na rauta yenye taa za kijani zinazokonyeza usiku kucha. Tukipigiana simu ya video yeye anatokea safi, hata kuku anayepita nyuma yake unamwona manyoya. Mimi naganda. Na siwezi kuganda nikiwa nimekaa vizuri, naganda mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Mkwe," ananiambia, "hiyo chafya haiishi? Huko Ulaya hakuna dawa?"

Mkataba unasema "hadi megabiti 80 kwa sekunde". Sijawahi kuziona. Katuni ya mtoto inazunguka, inazunguka, mpaka Salma anakwenda kucheza na vijiko jikoni. Mke wangu akianza kikao cha kazi, watu wote humu ndani tunatakiwa tushikilie simu zetu bila kuzigusa, maana mmoja akifungua picha moja tu ya harusi, bosi anabaki vipande vipande.

Sasa jaribu kupiga huduma kwa wateja. Kwanza unapigiwa muziki mpaka unaanza kuupenda. Kisha anakuja kijana mwenye sauti ya upole, anakuuliza: "Umejaribu kuizima na kuiwasha?" Kaka, nimeizima na kuiwasha mpaka swichi imelegea! Salma yuko darasa la tatu na kabla ya kufungua daftari anachomoa plagi, anahesabu mpaka thelathini, anachomeka, kama alivyofundishwa na baba yake aliyefundishwa na kijana wa upole.

Lakini kuna jambo yule kijana hasemi. Kule upande wa pili wa laini kuna mtambo unaoichunga usiku na mchana. Ukiona laini inakatika na kurudi, inakatika na kurudi, mtambo unaamua kwamba laini hii inaumwa, unaipunguzia kasi ili itulie. Yaani wanakuambia zima-washa, ukizima-ukawasha wanakuandika mgonjwa, wanakupunguzia. Ukilalamika umepunguziwa, wanakuambia zima-washa.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa ushauri haukukosekana. Mmoja akasema niiweke rauta dirishani ipate hewa. Mwingine akasema niizungushie karatasi ya kuchomea samaki. Wa tatu akasema tatizo ni rauta yenyewe, ninunue mpya, na bahati nzuri yeye anazo mbili anauza. Wote hao wanazungumzia mawimbi ya hewani, kana kwamba intaneti inashuka kutoka mbinguni moja kwa moja hadi kwenye rauta. Faiba kwetu imefika kwenye kabati la chuma kule chini ya mteremko, karibu na baa. Toka pale mpaka mlangoni kwangu ni waya wa shaba ule ule wa simu. Na toka mlangoni mpaka chumbani ilipo rauta, ah, hapo ndipo penye mambo.

Mwisho wakakubali kuleta fundi, kwa onyo: hitilafu ikiwa nje ni yao, ikiwa ndani ya nyumba, gharama ni yako. Usiku ule niliomba dua isiyo ya kawaida, kwamba laini yao iwe imeoza nje.

Fundi akaja, mtu mzima, kitambi mbele, bisibisi mfukoni. Rauta hata hakuitazama. Aliuliza mambo mawili, chai iko wapi na soketi kuu iko wapi. Chai nilimpa. Soketi kuu akaitafuta mwenyewe, akaikuta chini ya ngazi, nyuma ya viatu. Akafungua skrubu mbili, kifuniko cha chini kikatoka, na humo ndani kulikuwa na tundu jingine limejificha. Akasema hilo ni la kupimia: ukichomeka hapo, nyaya nyingine zote za nyumba zinakuwa zimekatwa, unabaki wewe na laini ya nje peke yenu. Akapima. Megabiti 41. Akapanda chumbani ilipo rauta, akapima. 19.

Nikamuuliza zile nyingine ambazo hazikufika hata chini ya ngazi, za kutimiza 80, ziko wapi. Akaonyesha kidole dirishani, kule kwenye mteremko. Shaba ikiwa ndefu inachosha umeme wa intaneti, na kabati letu liko mbali. Hizo sahau. Lakini 22 zinapotelea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kati ya viatu na kitanda!

Hapo ndipo nilipowajua wapangaji waliotutangulia. Kila mmoja aliyewahi kulala humu aliacha soketi yake ya simu. Iko jikoni. Iko chumbani. Iko darini, kwa ajili ya popo sijui. Iko chooni, na mtu aliyeiweka chooni ningependa kumuona uso, nimuulize alikuwa anampigia nani. Waya unapita chini ya zulia, umebanwa na mguu wa kabati, umepakwa rangi pamoja na ukuta mara nyingi hadi umekuwa sehemu ya ukuta. Fundi akawa anafuata na kidole, anaguna. Kila tawi lisilo na kitu mwishoni, alisema, umeme wa intaneti unaingia humo, unagonga mwisho, unarudi, unakuja kugombana na wenzake wanaokwenda. Jikoni akakuta sanduku la king'ora cha wezi, kuukuu, limeunganishwa bila filta. Sauti ya binadamu kwenye waya wa simu inakaa chini, haizidi kama hertzi 3,400, yaani mitetemo 3,400 kwa sekunde. Intaneti inapita juu kwa juu, kuanzia makumi ya maelfu mpaka mamilioni. Filta ndiyo inayozitenga zisiingiliane. Kifaa chochote cha simu bila filta kinaingilia. King'ora hicho hakijawahi kumkamata mwizi yeyote, kumbe mwizi ni chenyewe.

Lakini hayo yote yalikuwa utangulizi. Mkosaji mkubwa alikuwa waya mmoja wa rangi ya machungwa.

Simu za zamani za Uingereza zilikuwa na kengele ya kweli, chuma kinagonga chuma. Soketi za kuchomeka zilipoanza mwaka 1981, kengele ile ikawekewa waya wake wa tatu, unaotoka kwenye kidude cha umeme kiitwacho kapasita ndani ya soketi kuu na kuzunguka nyumba nzima kwenye kibanio namba 3. Simu za sasa haziuhitaji, zinajua zenyewe kwamba zinaitwa. Sisi humu hata simu ya mezani hatuna! Ila waya wa kengele yake tunao, umetandazwa toka ngazini hadi chooni.

Na ubaya wake? Nyaya mbili za laini zinasokotwa pamoja kwa makusudi. Alexander Graham Bell mwenyewe alipata hataza ya jambo hilo mwaka 1881. Zikisokotwa, kelele ya nje inazipata zote mbili sawasawa, na mwisho wa safari inafutika. Ule waya wa tatu umeunganishwa upande mmoja tu, kwa hiyo ni jiwe alilolificha muuza dagaa chini ya sahani moja ya mzani. Usawa umekwisha. Tena waya mrefu, mtupu, ukutani, huo ni antena. Redio za mawimbi ya kati zinapita kwenye masafa yale yale yanayotumiwa na intaneti, basi waya unazinasa, unazimwaga kwenye laini. Mimi nalipia katuni za Salma, ukuta unasikiliza mpira.

Fundi alipoona nimekasirika akanipoza kwa habari ya kijiji cha Aberhosan, Wales, iliyotangazwa mwaka 2020. Kijiji kizima kilikuwa kinapoteza intaneti kila siku saa moja asubuhi, kwa mwaka na nusu. Wakabadilisha nyaya, wapi. Mwisho mafundi wakazunguka na kifaa cha kupimia alfajiri, mvua inanyesha, na saa moja ilipogonga kelele ikatokea kwenye nyumba moja. Kulikuwa na televisheni ya mtumba, mwenyewe anaiwasha kila akiamka. Mimi nikafikiria uswahilini kwetu: huyo mtu kesho yake angeitwa jina gani? Lingewarithi mpaka wajukuu.

Basi akauchomoa ule waya wa machungwa soketi kwa soketi, akaondoa king'ora kwenye laini, akakata matawi ya darini na chooni. Akapima tena chumbani. Megabiti 38. Kisha akakunja bisibisi na kuniambia, huku anamalizia chai yangu, kwamba mtandao wote wa simu za kale za Uingereza unapangwa kuzimwa Januari 2027. Soketi, kengele, king'ora, vyote kwaheri. Sasa si wangemuachia mwenye nyumba wa baadaye? Hapana, ankara ya fundi nimelipa mimi, maana hitilafu ilikuwa ndani.

Jioni nikampigia mama mkwe, naonekana mpaka vinyweleo. Akanitazama muda mrefu. "Mkwe, kumbe umezeeka," akasema.

Siku chache baadaye ikaja barua ya dalali wa nyumba. Amesikia fundi amegusa soketi. Kwenye orodha ya vitu tulivyokabidhiwa, kifungu cha simu kinasema soketi zilikuwa tano "zinazofanya kazi", na tukihama zisipokuwa kama tulivyozikuta, watakata kwenye amana. Nimempelekea mke wangu barua ile aisome, maana mimi Kiingereza changu kwenye hasira hupotea.

Akaisoma hadi mwisho, akaikunja. "Waandikie," akasema, "waje kutuonyesha ile ya chooni ilikuwa inafanya kazi gani."