Kontroli boksi imekufa: nani amethibitisha?

Siku hizi kauli inayomkata mwenye gari maini gereji ni "kontroli boksi imekufa". Injini ikifa mtu anaona mwenyewe: moshi, oili iliyochanganyika na maji, mlio wa vyuma. Kontroli boksi ni kijisanduku cha bati kilichofungwa. Kinapokea taarifa za sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima hali ya injini, kinaamua nozeli zimwage mafuta lini na plagi zichome lini, basi. Ukiambiwa kimekufa huna la kubisha, unatoa hela. Gari ikiwaka, vizuri. Isipowaka, unaambiwa hata hiyo ya mtumba uliyonunua ilikuwa mbovu.

Mafundi wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaosema boksi ikishukiwa, pachika nyingine ujaribu, utajua ndani ya dakika kumi. Wengine wanasema usiiguse mpaka umemaliza kupima kinachoingia na kinachotoka. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa hoja za wale wa kwanza si nyepesi kama watu wa kupima kwa mita ya umeme wanavyopenda kuzifanya.

Kwanza tukubali kwamba boksi hufa kweli. Agosti 2010 Toyota iliyaita kwa marekebisho magari yapatayo milioni 1.13 nchini Marekani, Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008, kwa sababu lehemu na vipuri vidogo ndani ya kontroli boksi viliweza kupasuka. Gari ilikuwa inaweza kugoma kuwaka, kubadilisha gia kwa kushtua, hata kuzimika barabarani. Hilo lilikuwa kosa la kiwandani, na pale hakuna fundi angekosea kwa kusema boksi ibadilishwe. Huku kwetu tunaziua kwa njia zetu: gari kukatiza maji ya mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, betri kufungwa kinyumenyume, mtu wa bodi kuchomelea chesisi bila kuchomoa betri, alteneta inayochaji kupita kiasi na mwenye gari anaona taa zinang'aa tu anafurahi.

Lakini chukua hali hii, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Toyota IST imegoma. Ukiweka ufunguo on, taa ya cheki enjini haiwaki kabisa, na mashine ya kupimia ikichomekwa haipati mawasiliano. Kwa fundi mwenye haraka ushahidi umetimia. Sasa, kontroli boksi za Toyota hutengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa kadhaa, ile ya throto ikiwemo, kwa waya unaoitwa VC. Sensa moja ikipata shoti, au waya huo ukachubuka ukagusa bodi, volti 5 zinaanguka, na kwa boksi nyingi za aina hii ubongo wenyewe unazimika nazo. Boksi nzima kabisa inaonekana maiti. Dawa yake ni kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine ufunguo ukiwa on, jicho likiwa kwenye dashibodi. Ukichomoa yenye shoti, taa ya cheki enjini inawaka papo hapo. Hakuna ulichonunua.

Mashine kutosoma nayo haimaanishi unachodhani. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo mmoja wa gari kuongea na mashine ya kupimia, kwa magari ya kuanzia 1996, ila gari nyingi tunazoendesha zilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, na sheria hiyo haikuzihusu. Kile kimashine cha bei poa kinachounganishwa na simu kinaweza kushindwa kuongea na gari ya mwaka 2002 isiyo na ugonjwa wowote. Hata P0606, namba ya hitilafu inayosomwa na mashine, ambayo boksi hujishtaki yenyewe kwamba prosesa ina hitilafu, inaweza kuletwa na betri iliyochoka. Na namba nyingine, U0100, inasema tu kwamba wengine kwenye mtandao wa gari hawaisikii boksi. Inawezekana fyuzi yake imekatika.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinahitaji mita ya kawaida ya umeme tu. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa eathi wa boksi, mwenzako apige starta. Mita ikibaki kwenye sehemu ya kumi ya volti au chini yake, eathi ni nzima. Ikipanda kufika nusu volti na kuendelea, boksi inasingiziwa, tafuta boliti yenye kutu. Upande wa moto, yaani chanya, upime vilevile: umeme wa kudumu wa betri, na ule unaokuja kupitia rilei ya EFI, swichi inayoupa umeme mfumo wa mafuta. Hapo hata saa moja haijaisha.

Saa hiyo moja analipa nani? Hapa ndipo watu wa kubadilisha wana haki yao. Mteja wa kwetu analipia kitu anachokiona. Fundi akitumia asubuhi nzima kufuata waya, akakuta mmoja umechubuka, akauzungushia tepu, mteja atauliza kwa nini tepu iwe ghali hivyo. Akibadilisha boksi, mteja analipa bila kununa, na fundi anapata chochote kwa muuza spea. Kwa hiyo anayemlaumu fundi kwa kubahatisha ajiulize pia kama amewahi kulipia vipimo peke yake. Wengi wetu hatujawahi, na tunajisifu kwamba tumepunguziwa.

Kubadilisha kwa majaribio kunafaa gari ya zamani isiyo na imobilaiza, kinga ya wizi inayozuia injini mpaka itambue chipu ya ufunguo, na fundi awe na boksi yake anayoijua ni nzima. Namba ilingane, kwa Toyota huanza na 89661, na tarakimu zinazofuata ndizo zenye maana. IST ya toleo la kwanza yenyewe ina injini mbili, 2NZ ya lita 1.3 na 1NZ ya lita 1.5, na zipo zinazosukumwa na magurudumu yote manne. Boksi ya ndugu yake inaweza kuingia kwenye soketi, gari ikawaka, halafu gia zikaanza vituko. Muuzaji akikwambia "zote sawa hizi", ondoka.

Lakini nozeli au koili ikiwa na shoti, transista, kipuri kidogo kinachoiwasha na kuizima kutoka ndani ya boksi, ndiyo iliyoungua, na ukipachika boksi nyingine kwenye nozeli ileile unaiua na hiyo. Maduka mengi ya spea yana sheria isiyo na mjadala: vya umeme havirudishwi. Jaribio la dakika kumi limekuwa la laki kadhaa.

Kwenye gari yenye imobilaiza, jaribio halikwambii kitu. Boksi ngeni haiutambui ufunguo, injini inagoma au inawaka sekunde mbili inazima, na fundi anatangaza kwamba hata hii ni mbovu. Zipo Toyota ambazo huoanishwa kwa kuunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi ya kupimia, ufunguo halali ukiwa on, kwa dakika 30. Nyingine lazima chipu ya kumbukumbu ihamishwe kutoka boksi ya zamani kwenda nyingine, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa na mkono uliotulia kwenye lehemu.

Ndiyo maana, kapasita, kipuri kidogo kinachotunza umeme ndani ya boksi, ikiwa imevimba au transista moja imeungua, naona ukarabati wa boksi ileile unashinda mtumba: kipuri chenyewe ni cha bei ndogo, na data za ufunguo zinabaki mahali pake. Iliyolowa maji ya chumvi na kuoza njia zake za shaba ni hadithi nyingine, hiyo tafuta ya mtumba. Mpya ya kiwandani kwa gari ya miaka ishirini ni hesabu ambayo wachache wataimaliza.

Ukishabadilishiwa, ile ya zamani ondoka nayo. Gereji nyingi hubaki nayo kama chuma chakavu, kisha wiki ijayo iko mezani kwa fundi wa redio, imetiwa transista ya bei ya soda, inauzwa kwa mwenye IST mwingine. Na kama ufunguo wa gari yako umeandikwa humo, utaihitaji siku boksi ya pili itakapozingua.