Miaka 13 Iliyorukwa

Wiki iliyopita nimeitazama tena The Good Lie, filamu ya 2014 ya Philippe Falardeau kuhusu watoto waliokimbia vita vya Sudan, safari hii na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Dada yangu aliposikia alinigombeza: mtoto na vita wapi na wapi? Nami nashikilia kwamba ni filamu ya kutazamwa na mzazi na mwanawe, bega kwa bega.

Hoja yangu iko kwenye nyasi. Watoto wametoroka kijiji chao kusini mwa Sudan, wazazi wameuawa, na Theo, kwa kuwa ndiye mkubwa, amekuwa chifu wao. Wamejificha kwenye nyasi ndefu. Askari wanakaribia. Theo anasimama, anajitokeza peke yake ili wenzake wasitafutwe. Anachukuliwa, basi. Kuanzia hapo mdogo wake Mamere ndiye chifu, atake asitake. Hakuna damu iliyomwagwa mbele yetu, lakini binti yangu aliushika mkono wangu hadi kucha zikaniuma. Alielewa kila kitu.

Wala hayo si ya kubuni tu. Kuanzia 1987, watoto wapatao 20,000, wengi wao Wadinka na Wanuer, walitembea hadi Ethiopia. Serikali ya Mengistu ilipoanguka 1991 wakafukuzwa, na wengi wakafia mto Gilo. Mwaka uliofuata walionusurika wakaingia Kenya. Ger Duany na Emmanuel Jal, wanaoigiza Jeremiah na Paul, walishikishwa bunduki wakiwa watoto. Ukijua hilo, nyuso zao huzitazami tena vilevile.

Kinachoniuma ni Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko kaskazini magharibi mwa Kenya. Watoto wanafika kambini, mara skrini inatuambia miaka 13 imepita, nao ni vijana wanaosubiri ndege ya kwenda Marekani. Binti yangu akauliza, "Mama, miaka yote hiyo walikuwa wanafanya nini?"

Nilisimamisha filamu nikamweleza. Walikuwa kwetu, Turkana. Walipanga foleni ya maji na ya mgao wa chakula kwenye jua lile na vumbi lile, wakasoma mtaala wetu, Kiswahili kikiwemo, wakijaza madarasa yenye msongamano. Yatima waliishi pamoja, wakipikiana na kuuguzana. Mtoto kumlea mtoto mwenzake miaka 13, hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyokatwa ili tuwahi Kansas City tukamkute Reese Witherspoon, ambaye sura yake ndiyo iliyotawala bango la filamu. Anaigiza vizuri, simkatai. Ila kisa si chake.

Natamani mtengenezaji filamu wa hapa Kenya aende Kakuma akaianzie pale ilipokatwa. Waliokulia pale wapo, Kiswahili wanakijua, wataigiza wenyewe.

Tulipoendelea, Mamere alipompata Theo akiwa hai na kumwachia hati zake za kusafiria, yeye akabaki Afrika, binti yangu alisema polepole, "Sasa na yeye amesimama kwenye nyasi."